Anayepiga Maji Kabla ya Ubatizo

Saa moja asubuhi, Jumapili, maji ya Mto Songwe yamemfika Andongwisye kiunoni. Ameshika mti mrefu. Anapiga nao maji kushoto, anapiga kulia, anachokoa chini ya matete. Ukingoni, vijana tisa wa kanisa dogo la Wabatisti la Katumba wanasubiri kubatizwa.

"Baba, piga taratibu," Enoki, mmoja wao, anamtania. "Mamba wataamka waulize kuna nini."

"Waje. Mwenye mdomo ndiye huliwa kwanza."

Wenzake wanacheka. Andongwisye hacheki.

Yeye si mchungaji, na halipwi. Husuka migono ya kutegea samaki. Kwa wiki humaliza mitatu. Angemaliza minne kama Jumamosi zake asingewapa vijana. Huwafundisha kufunga kamba, kufuata nyayo porini na kuvuka mto bila kufa. Mkewe amechoka kumkumbusha kwamba watoto wa watu hawapikwi chunguni.

Mwaka jana, 1911, alikosea. Alipiga maji vizuri, mamba wakaondoka. Kisha akawaacha vijana waimbe wimbo mzima, beti sita, ndipo waingie. Beti sita zilimtosha mamba mmoja kurudi. Alimchukua Rut, binti wa miaka kumi na sita. Kilichopatikana ni kitambaa chake cha kichwa.

"Maji yakishapigwa, watu huingia papo hapo. Nilijua," anasema. "Niliona haya kuukatiza wimbo wa Mungu."

Leo waumini wengine wametoka Mwaya kuja kumtuza kanzu kwa miaka minane ya kuwatumikia vijana. Mzee Lameck, kiongozi wa kanisa, anafungua kitabu cha nyimbo.

"Hakuna kuimba," Andongwisye anasema kutoka majini.

"Ndugu yangu, watu wametembea tangu jana kwa ajili yako. Usituaibishe."

"Mzee, mkianza kuimba natoka, na hawa wote wanarudi kwao. Kanzu mpeni mwingine."

Watu wananung'unika. Mzee Lameck anautazama mto, kisha anafunga kitabu.

Vijana wanaingia mmoja mmoja, kimya kimya, wanazamishwa, wanatoka. Andongwisye anawahesabu kwa sauti. Wakifika tisa, anatoka majini, anaketi topeni.

Anayemkabidhi kanzu ni Yunis, mama yake Rut. Ameomba mwenyewe.

"Ndaga, mama," Andongwisye anashukuru, macho chini.

"Usinishukuru. Sijakusamehe," Yunis anamjibu. "Lakini mwakani mdogo wake Rut anabatizwa. Nani mwingine atampigia maji?"

Andongwisye hataki tena kutegemea mti mmoja mkononi. Kabla ya masika anataka kuzungushia uzio mahali pa kubatizia, miti sitini iliyoshindiliwa hadi kwenye udongo mgumu. Ameshakata kumi na minne. Anawaomba waumini kila nyumba ilete mti mmoja.

Wengi wanatazama njia ya kurudi Mwaya. Yunis anamwangalia.

"Unene gani?" anauliza.