Arlene Trexler na Ua la Shaba

Jambo la kwanza ulilolitambua kwa Arlene Trexler ni kwamba aliisalimu bunduki kabla ya mwenyewe. Mtu angeingia ukumbi wa zimamoto na gumegume la babu yake limeviringishwa kwenye blanketi, na kabla hajamaliza kusema habari za asubuhi, kidole gumba cha Arlene kingekuwa kimekwisha kupita chini ya kitako, polepole, huku macho yake yakitazama kando kama anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili. Kisha angetaja wilaya ilikochongwa. Berks. Lancaster. Bedford. Mara nyingine angesema, "Hii si ya kale, ilikuja kwa posta, vipande vipande," na mwenyewe angeiviringisha tena akaondoka bila kunywa kahawa.

Kidole hicho kilisomeshwa na kiwanda cha majeneza. Miaka thelathini na mmoja Arlene alipiga msasa vifuniko vya mbao ya milia, mpaka ncha ya kidole ikawa bapa. Wafu, alipenda kusema, ni wateja wema kwa sababu hawajifanyi wanajua mbao. Mwaka aliostaafu ndio mwaka aliofariki mumewe Luther, na tangu hapo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, aliketi kwenye meza ya chama cha historia cha bonde, katika ukumbi ule wa zimamoto, akiwaambia watu bunduki zao ndefu zilizaliwa wapi. Aliketi hapo miaka ishirini. Pasipo meza ile asingekuwa na sababu ya kuvaa viatu siku ya Jumamosi.

Hakuwa na subira na wajinga, na kwa hesabu yake wajinga walikuwa wengi. Kundi la kwanza ni waliosema "bunduki ya Kentucky". Bunduki zile zilichongwa hapahapa Pennsylvania, wawindaji wakazibeba kwenda huko. Kuziita za Kentucky, alisema, ni sawa na kumpa ng'ombe jina la mchinjaji. Kundi la pili ni waliosoma vitabu. Kundi la tatu lilikuwa na mtu mmoja tu, Daktari Bradford Lyle.

Lyle alikuwa amewang'oa watu wa Philadelphia meno hadi akachoka, akanunua shamba bondeni ambalo hakulilima, na katika mwaka wake wa pili akawa mwenyekiti wa chama, kwa kuwa wengine wote waliukimbia uenyekiti. Siku za maonyesho alivaa kofia ya pembe tatu. Alikuwa na vitabu kumi na saba kuhusu bunduki ndefu, na Arlene aliapa kwamba hajawahi kupiga msasa hata mpini wa ufagio.

Ugomvi wao mkubwa uliletwa na bunduki ya mjane Kistler. Mjane alifariki baada ya Krismasi, akakiachia chama gumegume lililotundikwa juu ya jiko lake tangu enzi za babu wa mumewe. Hakuna aliyejua fundi wake. Ubavuni mwa kitako palikuwa na kijisanduku cha kutunzia vitambaa vya kufungia risasi, na bamba lake la shaba lilikatwa kwa umbo la ua lenye petali. Lyle alipoliona ua lile alifunga kitabu. Ua ni la Lancaster, vitabu vyote vilikubaliana. Akaandikia makumbusho moja ya huko, wakaafikiana kuichukua bunduki na kutoa kwa kubadilishana makabati mawili ya kioo na picha ya ngome. Gari lingekuja Jumatatu ya kwanza ya Machi.

Arlene alikipapasa kitako, akamwona Lyle mpumbavu kuliko alivyodhani. Watu wa Lancaster walichonga kitako kilichonyooka. Hiki kilijipinda juu na chini kama pua ya mtu mwenye kiburi, na mpindo huo ulikuwa wa Lehigh, wa mafundi waliokaa kando ya vijito vya bonde hili. Kazi zao zote zilikwisha kuchukuliwa na matajiri wa mbali. Hii ndiyo pekee iliyobaki nyumbani.

Mkutano wa Februari ulifanyika Jumanne ya kabla ya Kwaresima, kila mtu na andazi lake la viazi mkononi.

"Bi Trexler," Lyle alisema, "mipindo ni maoni. Ua ni ushahidi."

"Ua ni shaba, na shaba huhama. Wewe ukivaa suruali ya jirani, utalala kwa mkewe?"

Ukumbi ukacheka. Lyle hakucheka.

Watu wa pwani husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa Arlene, kipande cha mti ndicho kilichokuwa na habari zote. Alieleza kwamba bunduki ile iliwahi kuwa na kifuniko cha mbao cha kuteleza, kama walivyofanya mafundi wa mwanzo, na kwamba mtu wa baadaye alikitupa akabandika ua ili kumfurahisha mnunuzi. Ling'olewe ua, chini yake itaonekana mifereji miwili ambamo kifuniko kilipita.

Lyle akajibu kwamba kilichofungwa na mikono ya wazee hakiguswi, na kwamba bamba lile halijawahi kufunguliwa.

Arlene akamwomba avae miwani atazame skurubu. Fundi wa zamani alikata mfuo wa kichwani mwa skurubu, unamoingia bisibisi, kwa msumeno na kwa kukadiria kwa jicho, kwa hiyo ulikaa upande. Hizi sita zilikatwa katikati barabara, zote.

"Hizi ni za dukani, Daktari. Duka lenye taa za umeme."

Masikio ya Lyle yakawa mekundu, lakini mtu wa vitabu hakosi jibu. Alisema skurubu mpya hazikanushi ua la zamani. Huenda za kwanza zilipotea. Hilo lilikuwa kweli, na Arlene, aliyejua kuwa ni kweli, lilimchoma kuliko upumbavu wote wa Lyle.

"Basi fungueni," alisema. "Mifereji isipokuwepo, bunduki iende Lancaster, na mimi nitoke mezani. Hamtaniona tena."

"Usiseme hivyo, dada," alisema Fern Dreibelbis, binamu yake, aliyekuwa katibu.

"Andika, Fern."

Fern akaandika. Mikono kumi na minne ikainuliwa kukubali bamba lifunguliwe Jumamosi ile, na wa Lyle ukawa wa kwanza, kwa kuwa alikwisha kuiona meza bila mwanamke wa majeneza.

Nyumbani Arlene hakuwa jasiri hivyo. Kidole husoma nje. Chini ya bamba hakuna mtu aliyewahi kuona. Isitoshe, mafundi walihama. Kijana aliyefunzwa Lancaster angeweza kuvuka vilima, akaoa huku, akajifunza mpindo wa majirani na bado akafunga ua la kwao kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo hakumwambia mtu. Alikwenda mara tatu ukumbini kudondoshea skurubu mafuta, akarudi.

Jumamosi ilipofika, hata wasiojua kutofautisha gumegume na fimbo walijaa. Walikuja watu wa bonde la pili, si kwa mapenzi ya historia, bali kumwona Arlene akianguka. Lyle alikwisha kuandika hotuba fupi ya kumshukuru kwa miaka ishirini. Karatasi ilichungulia mfukoni mwake.

Arlene alishika bisibisi. Skurubu ya kwanza ilitoka, na ya pili, na ya tatu. Ya nne iligoma, akaiongezea mafuta na kungoja huku mtu akikohoa. Ya tano ililia kama mlango. Ya sita ilipodondoka mezani, bamba halikutikisika. Lilikuwa limeshikwa na uchafu wa miaka isiyojulikana. Akachomeka kabari nyembamba ya mfupa chini ya ncha ya petali.

"Polepole," alisema Lyle. Alikuwa ameinama, kichwa chake karibu kugusana na cha Arlene, na hotuba ameisahau.

"Usinipumulie," alisema Arlene.

Akasukuma. Shaba ikainuka unene wa unywele upande mmoja, na ukumbi mzima ukasogea mbele.