Ukurasa wa Midoli Chini ya Magazeti

Nyumba nyingi za udongo kule Laini Saba, mtaa tuliokulia, hubandikwa magazeti ndani ili vumbi na upepo visipenye. Ukitaka kujaribu, usiogope, ni rahisi: koroga unga wa ngano kwa maji, chemsha hadi uwe kama uji mzito, paka ukutani, bandika. Kila Desemba mama alibandika tabaka jipya juu ya lile la zamani.

Mwaka mmoja alibandika, kando ya kitanda chetu, ukurasa wa jarida kuukuu alilopewa kule alikokuwa akifua nguo. Lilikuwa tangazo la midoli: mwanasesere mwenye kofia, garimoshi, vikombe vidogo vya chai. Mimi na kaka yangu tulicheza na picha zenyewe. Aliyewahi kugusa na kusema "Changu!" alikuwa mwenyewe mpaka kesho. Desemba iliyofuata, tangazo likafunikwa.

Juzi tulimzika mama, kwao magharibi. Sikulia. Tuliporudi nikatoka kwangu Kawangware kwenda kumsaidia kaka kutoa vitu vya mama, maana mwenye nyumba alitaka kubomoa ule ukuta aweke mabati. Nilijiambia kwamba nikiuona ukurasa ule, nitalia.

"Pasua kavu," kaka akasema. "Ukilowesha, yote yatakuja pamoja."

"Kavu itachanika. Gundi ya unga hulainika, ngoja tu."

"Haya, mwalimu. Lakini fundi ako hapo mlangoni na nyundo."

Nikalowesha kwa kitambaa, nikangoja, nikabandua tabaka moja moja: wanasiasa, mpira, matangazo ya vifo. Hatimaye kofia ya mwanasesere ikatokea, kisha uso, umefifia lakini mzima. Kaka akaacha kufunga godoro, akasogea.

"Aki, alikuwa mdogo hivi?" akasema. "Mimi nilidhani ametoshana na mtoto." Akacheka, halafu akageuka, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mimi nikatazama. Nikavipitia vikombe, kimoja kimoja. Nikangoja kama mtu anayengoja chafya. Hakuna kilichokuja.

"Mmemaliza, madam?" fundi akauliza.

"Tumemaliza."

Karatasi mbichi haikunjwi. Hujishika yenyewe, na ikikauka haifunguki tena. Hulazwa bapa, kivulini, bila kuvutwa. Hilo nalijua vizuri. Nikaubandua ukurasa, nikaukunja mara nne, nikautia mfukoni, nikashika upande wangu wa godoro.