Rangi Nyekundu Kwenye Kuni za Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa maabara pale chuoni mjini Kakamega alinipa ufagio. Nilikuwa na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki na viatu vya kuazima kwa dada yangu, nikaambiwa nifagie stoo na kufuta vumbi kila chupa. Nilinuna kweli. Jioni akaja, akaniuliza kiko wapi hiki, kiko wapi kile, na vyote nikavijua. "Basi," akasema, "maprofesa watakuwa wakikutafuta wewe."

Ninyi vijana mkisikia shahada ya uzamili mnamfikiria mwanafunzi na msimamizi wake, yaani profesa anayemwongoza. Yuko mtu wa tatu, fundi wa utafiti. Ndiye anayepima, anayebeba vyombo na kutunza daftari la nyanjani, ambamo kila kipimo huandikwa papo hapo, kwa penseli, maana wino hauistahimili mvua ya huku kwetu. Fundi Mkuu alikuwa mkali kuhusu daftari hilo. "Sifuri maana yake ulienda, ukaangalia, hukukuta kitu," alikuwa akisema. "Kama hukuenda, acha wazi, na useme kwa nini."

Nilipelekwa kwanza Bukura, chini ya Mkuu wa Kitengo cha Udongo, mzee mpole aliyetafuna udongo ili aujue mchanga wake. Nami nilitafuna, sina aibu. Mpaka leo nautambua udongo wa kichanga kwa meno. Kisha nikahamishiwa msituni Isecheno, na huko ndiko nilikokutana na Wafula.

Wafula alikuwa mwalimu wa sekondari, mtoto wa wakulima wa mahindi wa Lugari, na alikuwa na likizo ya masomo ya mwaka mmoja tu wa kukusanya data. Mwaka ukiisha, arudi darasani, awe amepata au amekosa. Alitaka kujua matawi yanayoanguka msituni huchukua muda gani kuoza. Tulipima viwanja kwa kamba, tukachagua vipande vya miti vinene kama mkono, na kila mwezi tukavipima uzito. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akila obusuma, ugali wetu, kwangu, alishukuru mara tatu.

Vibandiko vyetu vya karatasi vililoa vikabanduka. Nikasema tupake rangi nyekundu kwenye ncha za vipande. Wazo lilikuwa langu, na nililipenda sana.

Mwezi wa saba wa utafiti tukaenda viwanjani, tukakuta pamefagiwa. Vipande vitano tu ndivyo vilivyobaki, vyote vya upande wenye tope. Tukatoka mbio hadi langoni, na hapo tukamkuta Mama Rebeka, kiongozi wa akina mama wa kuni, ametua mzigo wake chini, ncha nyekundu zikituchungulia.

"Mama Rebeka, hizi kuni umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Si mlituwekea alama? Sisi tunachukuanga ile imepakwa rangi. Askari wa msitu ndiye anapakanga, akishaona ni kuni ya kuchukua. Tukasema, eh, safari hii askari amekuwa na roho nzuri!"

Kila mtu Isecheno alijua desturi hiyo isipokuwa Wafula na mimi, mgeni kutoka Bukura niliyeona aibu kuuliza.

Wafula aliketi juu ya mzizi, akafungua daftari. "Mama," akaniambia polepole, "miezi sita tunayo. Hii mingine naweza kuikadiria. Nani atajua?" Nami nakiri: nilitaka akadirie. Data ingepikwa, na kosa langu lingefunikwa pamoja nayo. Nilimwacha aandike namba ya kwanza kabla sijapata ujasiri. "Futa hiyo," nikasema. "Twende kwa Profesa."

Msimamizi wake alikuwa mrefu, mwenye ulimi mkali, na wanafunzi walimwogopa. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema rangi ilikuwa yangu na sikuuliza mtu. Nilikuwa tayari naifikiria barua ya kufukuzwa.

"Hao akina mama hubeba mizigo mingapi kwa wiki?" akauliza.

"Sijui, Profesa."

"Wafula, wewe je?"

"Sijui."

"Basi hamuujui msitu huo. Matawi yenu hayangojei kuoza, yanapikiwa kuku, ingokho! Nendeni mkapime."

Tukatundika mizani langoni. Akina mama walimtania Wafula kwamba mwanaume aliyesoma amekosa kazi, anapima kuni za wenyewe. Lakini walingoja zamu zao, na Mama Rebeka akawa anamwamkia, "Mwalimu, leo yangu iko nzito, andika vizuri!" Miezi mitano iliyobaki ya kupima kuni ikaiokoa tasnifu yake.

Aliponiletea rasimu, nikakuta ameandika tu kwamba vipande "viliondolewa".

"Sikutaka kukuaibisha, Mama."

"Andika ni nani aliyepaka rangi, na kwa nini vilichukuliwa," nikamwambia. Akakataa. Nikamnyima chai mpaka akaandika. Siku ya utetezi, mtahini aliisoma sentensi ile kwa sauti mbele ya watu wote, nami niko kiti cha nyuma, uso unawaka moto. Wafula akajibu kila swali lake. Akafaulu.

Sasa nimestaafu. Nimewasaidia wanafunzi wengi, na wengi wao, katika tasnifu zao, walishukuru "wote walionisaidia". Sina kinyongo, nawapenda wote. Lakini wiki ile niliyoaga nilipanda maktabani, nikaitoa tasnifu ya Wafula, nikasoma nimesimama: fundi wa utafiti, Bi. Felistus Khasiani, alipaka vipande rangi nyekundu bila kujua maana yake kwa Mama Rebeka na wakusanyaji kuni wenzake. Ukurasa ule ulikuwa umechakaa kwa vidole, na pembeni mwanafunzi nisiyemjua alikuwa ameandika kwa penseli: Kabla ya kuweka alama, muulize Mama Rebeka.