Injini Yenye Pumzi Mbili

Mtu mzima, mwenye magorofa ya kupangisha kule Parklands, kucheza treni! Nilijiambia hivyo siku ya kwanza nilipoingia kwenye gereji ya yule tajiri wa Loresho. Magari yake yalinyeshewa nje. Ndani, juu ya meza ndefu kama ya harusi, reli ilizunguka vilima vya plasta na vijumba visivyo na choo. Alikuwa na injini tisa, kila moja fupi kuliko mkono wangu, na alitaka zote zilie kama za kweli.

Mimi nilikuwa fundi wa simu, kibanda changu mjini, nyuma ya duka la viatu. Dikoda ya sauti sikuwa nimewahi kuiona: chipu ndogo kama ukucha, ndani yake wamerekodi mvuke, honi na breki. Unaichomelea ndani ya injini, unaiungia spika, kisha unaipangia kwa namba ni pumzi ngapi kila gurudumu likizunguka. Nianze na moja, alisema. Marafiki zake wakiipenda Jumapili, nane zilizobaki ni zangu. Kibanda changu kilikuwa hakiingii mtu, na kazi hiyo niliihitaji kuliko nilivyotaka ajue.

Injini yenyewe ilikuwa mfano wa yale madude ya mvuke yaliyokuwa yakipanda kutoka Mombasa. Baba yangu aliyaendesha miaka mingi kabla ya kustaafishwa. Nikaenda naye, anisaidie masikio.

Nilikuwa nimeshachomelea chipu, nikaiwasha injini na sauti ile iliyokuja nayo. Baba alisikiliza, mikono nyuma.

"Hii ni ya mtambo mmoja," akasema. "Yetu ilikuwa na miwili, mbele na nyuma, boila katikati. Kila mmoja unapumua kivyake. Inaenda pamoja, halafu wa nyuma unachelewa, halafu unamfikia mwenzake. Ukisikia hivyo unajua iko nzima."

Nikahangaika na zile namba siku mbili. Nikaongeza pumzi ya pili, nikaichelewesha kidogo. Baba akafumba macho.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Aki ya Mungu, ndiyo hiyo kabisa."

Tajiri akaja, akakunja uso. "Mbona inakwamakwama? Umeniharibia! Rudisha ile ya kwanza, ilikuwa imenyooka."

"Lakini mzee, huyu ni baba yangu, aliziendesha mwenyewe."

"Kwani treni ni yake? Rudisha." Kisha akampima Baba kwa macho, kama mtu aliyeona kiti cha bei poa. "Lakini Jumapili aje. Wageni watafurahi kuona dereva wa ukweli. Nitamtafutia kofia."

Kofia gani! Ilikuwa ya soja wake wa getini, nembo imebanduliwa, gundi bado inanata. Baba aliishika, akanitazama. Ningesema twende nyumbani. Nilichosema ni, "Ivae tu, Baba. Ni saa moja tu."

Jumapili wageni wakajaa na sahani zao za nyama, wanaume wenye vitambi wakigombania kubonyeza honi. Upuzi mtupu. Injini ikazunguka ikipumua pumzi moja, sawasawa kama cherehani. Mama mmoja akamgeukia Baba. "Mzee, ndivyo zilivyokuwa zikilia?"

Baba hakumwangalia yule mama. Aliniangalia mimi.

"Ndivyo," akasema. "Hivyo hivyo, mama."

Wakapiga makofi, na nikapewa zile nane papo hapo. Yule tajiri namdharau mpaka leo, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Lakini yeye hakujua alichokuwa akisikia.

Tukirudi nilimpitisha Baba Kenyatta Market, nikaagiza mbavu anazopenda. Alikula vipande viwili.

"Ile ya pumzi mbili," akaniuliza, "uliiweka mahali?"

"Niliifuta, Baba."

Akapangusa mikono, akasema ameshiba.