Pua ya Gari la Kahonzi

Kama unaishi Ganda na hujawahi kupigwa na Kahonzi, basi ama wewe ni mgeni, ama unajifungia ndani. Huyu ndiye aliyemshika mwizi wa kuku akampiga kwa kuku yuleyule. Kuku alikufa, mwizi akazirai, mchuzi ukaliwa. Hata kwenye group la mtaa, Kahonzi akiandika "hamjambo" tu, watu wanajibu haraka kama wameulizwa na polisi.

Lakini ni mtu wa kazi. Anabeba wageni kutoka Malindi kwenda Marafa kuona lile korongo la mchanga mwekundu. Gari lake ni lile jeusi kubwa la safu tatu za viti, ameachiwa na marehemu mumewe, Mwaringa. Watoto wanne wanakula na kusoma kwa lile gari. Likienda, wamekwenda wote.

Na kuna mtu analitaka: Ngowa, mdogo wake Mwaringa. Tangu maziko anaimba wimbo mmoja, "Gari la ndugu yangu haliendeshwi na sketi." Mara ya kwanza kuuimba mbele ya Kahonzi alipoteza jino. Spana, jamani. Ya kufungulia tairi. Ngowa akaokota jino, akalitia mfukoni, akasema, "Shemeji, hili tutaliongea." Na damu yote ile kidevuni!

Sasa, lile gari lilikuwa limeinamisha pua. Mwaringa aliwahi kulifunga bamba zito la chuma mbele, na tangu hapo kwenye kila shimo la njia ya Marafa lilikuwa likikwaruza chini. Kahonzi akalipeleka Shella kwa fundi Abdulhadi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Bi Kahonzi. Mbona gari limeinama kama bibi harusi?"

"Usinitanie, mkono unaniwasha."

Abdulhadi akatoa spesa, vile vipande vya chuma vya mviringo vinavyokaa juu ya springi za mbele kuipandisha pua. Alikuwa nazo fupi za inchi moja na ndefu za inchi tatu. Akachukua futi apime, kisha akachungulia ndani. Mama Jedida, muuza viazi karai, alikuwa amejaa kiti cha nyuma na dada zake wawili, madumu ya maji yamewazunguka.

"Hawa washuke kwanza, nipime."

"Hawashuki," Kahonzi akasema. "Likiwa tupu hili gari halifanyi kazi. Lipime likiwa kazini."

"Mimi ni mtalii kutoka Ujerumani," Mama Jedida akapaza sauti. "Fundi, niletee soda!"

Abdulhadi akapima hivyohivyo, huku akicheka. Kwa uzito ule nyuma ilikuwa imeshuka, na pua ilidai inchi moja tu. "Wallahi, likiwa tupu ningekufungia ndefu," akasema. "Na ndefu zinazivuta ekseli za mbele vibaya. Ukikanyaga mafuta kwenye mchanga, zinakatika."

"Funga fupi." Kahonzi akaliacha gari, wakarudi Ganda.

Ngowa alikuwa na macho Shella. Kabla ya alasiri akaingia gereji na vijana wawili na panga. Akalizunguka gari, tupu, pua chini.

"Weka zile ndefu. Nataka lisimame kama simba."

"Yakhe, mwenyewe amechagua fupi."

Ngowa akainua panga. Panga lilishuka mkononi mwa Abdulhadi, nyama ikafunguka hadi mfupa ukaonekana mweupe. Fundi alipiga ukelele. Kijana mmoja akamkanyaga shingo, wa pili akamfunga mkono kwa tambara la grisi, kisha wakamwinua afanye kazi. Alifunga zile ndefu huku damu ikidondokea nati, na panga likimgusa sikio kila alipopumzika. Walipoondoka walimwachia teke la mbavu.

Akampigia Kahonzi akiwa bado chini. "Wamelichukua. Wameelekea Marafa, wana mnunuzi."

"Wamefunga zipi?"

"Ndefu."

"Basi hawafiki. Nenda hospitali."

Akachukua mchi wa kinu, akapanda bodaboda. Dereva anasema hakuthubutu hata kumuuliza nauli.

Ngowa, naye, mjanja wa mjini, njiani akajaza nyuma magunia ya mahindi ya rafiki zake, na wenye magunia juu. Nyuma ikazama, pua ikatazama mbinguni. Alikuwa anaona boneti na mawingu. Kwenye kile kilima cha mchanga kabla ya Marafa magurudumu yakazama, akakanyaga mafuta kwa hasira. Ta! Ekseli ikakatika.

Kahonzi alimkuta chini ya bamba anachungulia. Wenye magunia walipouona mchi walikumbuka kazi zao nyumbani. Vijana wawili vilevile. Marafiki wazuri sana.

Pigo la kwanza lilimvunja Ngowa kifundo cha mguu. Akajiviringisha, akazungusha panga, likamchana Kahonzi kutoka nyusi hadi shavuni. Kahonzi akaipangusa damu kama jasho. Pigo la pili likaukuta mkono wenye panga, na mlio wake ulikuwa kama kuni kavu. Akauinua mchi juu ya kichwa.

"Shemeji! Mimi ni damu ya Mwaringa!"

"Damu ya Mwaringa iko nyumbani inafanya homuweki."

Mchi ukashuka. Si kichwani. Gotini. Ndiyo maana polisi walimbeba kwa machela.

Wiki iliyofuata gari lilivutwa hadi Shella. Abdulhadi na mkono wa bendeji, Kahonzi na uso wa nyuzi, wakatazamana kama majambazi wastaafu.

"Kabla sijagusa kitu," fundi akasema, "Mama Jedida yuko wapi? Akae nyuma."

Leo lile gari limenyooka, wageni wamejaa, pua iko mahali pake. Zile spesa ndefu Kahonzi amezitundika langoni kwake. Ngowa ametoka kwa dhamana, anatembea na magongo. Akikaribia lile lango anavuka barabara, na kwa magongo yale, kuvuka kunamchukua muda mrefu. Kahonzi huwa anakaa kibarazani akimtazama mpaka amalize.