Ziara ya Bohol Nyuma ya Kitanda cha Naif

Japhet Marwa ni mlinzi wa ghala kule Jebel Ali, Dubai. Mwili anao, sauti anayo, na madereva wa malori wakimwona tu getini wanatoa vitambulisho kabla hawajaulizwa. Sasa mtu huyu, Jumapili moja, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kitanda chake chumbani mtaa wa Naif, Deira, akijificha asionwe na mama mmoja mfupi aliyekuwa kisiwani Bohol, Ufilipino. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ukimwuliza mwenyewe anaruka nusu.

Japhet ana mchumba, Rowena, keshia wa duka la vyakula hapo hapo Deira. Rowena alipata likizo akaenda kwao Bohol; Japhet alinyimwa yake. Mama wa Rowena, Mama Soledad, akasema huyo mwanamume mimi simjui, na yeye hajui binti yangu katoka wapi. Tutakodi gari tuzunguke mashambani kutwa nzima, naye atembee nasi kwenye simu. Jioni nitasema kama namtaka.

Shida ni kwamba Japhet ni Mkurya wa Tarime, na kwa alivyolelewa, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni wala hali mbele yake. Akimwona njiani, anachepuka. Hilo hakuwahi kumweleza Rowena. Aliona Bohol iko mbali vya kutosha.

"Simu si uso, kaka," alisema Zephania, Mtanzania mwenzake, kutoka kitanda cha juu.

"Uso ni uso, hata ukija kwa intaneti."

"Na posa yenyewe hujapeleka. Huyo si mkweo bado."

"Kwa hiyo adabu nianze nikishaoa?"

Shafik, Mganda wa kitanda cha dirishani, alikuwa anapiga pasi sare yake. "Ssebo, bwana wangu, huyo mama atakuona mwizi," akasema.

Simu ikalia. Japhet akailaza ukingoni mwa kitanda, kamera ikitazama darini, akazama nyuma ya kitanda, akawa anachungulia kioo kwa jicho moja. Waliongea Kiingereza, kila upande na chake.

Rowena alianza na vilima. Vilikuwa vingi ajabu, vya mviringo, vimejipanga hadi upeo wa macho, nyasi zimekauka zikawa za kahawia. Wenyewe wanaviita vilima vya chokoleti, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuvipiga picha.

"Kwetu Kabale vilima vimejaa," Shafik alinong'ona, "na hakuna aliyewahi kufikiria kukata tiketi."

Mara uso wa Mama Soledad ukajaa kioo kizima. "Japhet, umeviona?"

Jicho likatoweka. "Nimeviona, Mama. Vizuri sana."

"Mimi naona taa."

"Ndiyo, Mama. Tumeibadilisha juzi."

Wakaenda kwenye msitu wa tasia, mnyama mdogo kama komba, anayeenea kiganjani, macho kama ya mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Mnyama huyu hapendi kelele, kwa hiyo wageni huambiwa wanyamaze kabisa. Rowena akawa ananong'ona. Chumbani Naif nako watu wakashika pumzi, utadhani tasia yuko juu ya kabati. Zephania akainama kutoka juu ili aone vizuri, kiwiko kikaipiga simu, ikaanguka ikatazama kitanda cha chini upande wa pili. Kilikuwa cha Shafik, na kama vitanda vingi vya Naif, kilikuwa na pazia la kanga, yenye maua mekundu. Nyuma ya kanga mguu ulichezacheza, maana Shafik alikuwa anavaa suruali.

"Kuna mwanamke humo," Mama Soledad akasema, kwa sauti iliyowafungua macho tasia wote. Mtunza msitu akawatoa nje na simu yao.

Shafik akatoa kichwa, na ndevu zake. "Habari za asubuhi, Mama."

Mama hakutulia. "Basi kwa nini mwenye simu hajionyeshi? Mzee? Hana meno? Sikilizeni. Sasa tunakwenda mtoni, tunakula chakula cha mchana juu ya boti. Nataka nimwone anakula. Mtu asiyekula na mimi, binti yangu hampati."

Akakata.

Japhet akasonga ugali, akaunga dagaa, akaviweka sakafuni nyuma ya kitanda, akabaki anavitazama.

"Kula tu," Zephania akamwambia. "Tarime nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Ndipo alipompigia Rowena akamwambia yote. Rowena akamgeukia mama yake na kuongea kwa lugha yao, kwa kirefu. Nyuma yake kingo za mto zilikuwa zinapita na wanamuziki wa boti wakiimba.

"Yaani ananiogopa?" Mama aliuliza, kwa Kiingereza ili wote wasikie.

"Anakuheshimu, Mama," Rowena akasema.

"Nina wakwe wengine wawili. Wanakomba wali wangu mpaka sufuria inalia, na hawaulizi kama mimi nimekula. Huyu anaogopa kutafuna." Akaigeuza kamera ikatazama sahani yake, wali na samaki wa kuchoma. "Mwambie naye aonyeshe sahani. Sahani haina uso."

Basi wakala hivyo, sahani kwa sahani.

"Hiyo nyeupe ni keki?"

"Ugali, Mama."

"Mega tonge kubwa. Hilo la mtoto mchanga."

Japhet akamega kubwa. Mkono mwingine ukaingia polepole upande wa dagaa.

"Huo si wake," Mama akasema. "Wake una saa. Wewe wa pili, toa mkono."

Zephania akautoa.

Mchana wote uliobaki Mama Soledad aliishika simu mwenyewe, kamera imetazama mbele, akimwonyesha mashamba ya mpunga, nyati topeni, na barabara inayopita chini ya miti iliyofunga kama paa. Japhet aliuliza mpunga unavunwa lini, nyati anakula nini. Alitoka nyuma ya kitanda bila kujua.

Jioni mama akatoa uamuzi. "Namtaka. Ila aje mwenyewe alete posa. Garini mimi nitakaa kiti cha mbele, yeye cha nyuma kabisa, atazame vilima."

"Asante, Mama," Japhet aliiambia taa.

Shafik akauliza picha ya familia siku ya harusi itapigwaje. Japhet akasema atalifikiria akiwa lindoni.