Breki za Baba Mkwe

Gari langu lina umri wa kutosha kupiga kura, na likijitahidi kidogo linaweza kugombea udiwani. Ni sedani ya mbio ya Kijapani, nyeusi, milango minne, gia za mkono, na kiti cha dereva kinachokubana mbavu kidogo. Nililinunua kwa daktari mmoja wa Mbeya aliyekuwa anahama, na mpaka leo sijamiliki kitu kingine kilichonifurahisha kama hicho. Mimi ni mwalimu. Naishi Bulyaga, hapa Tukuyu mjini, nafundisha sekondari huko Masukulu, na kati ya nyumbani na kazini kuna mteremko, kona, mvua isiyo na ratiba, halafu kona tena. Watu huniambia gari la namna hiyo halifai njia ile. Huwa nawajibu kwamba hata viatu vya harusi havifai njia ile na bado watu wanaoana.

Lazima kwanza nimweleze baba mkwe, maana bila yeye sina cha kusimulia. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wameiacha, hasa mjini, na wapo wakwe wanaopiga picha pamoja wakicheka. Nyumba ya mume wangu kule Masoko haijaiacha. Mimi ni Mnyakyusa wa kuzaliwa Mbeya mjini, na nilipoolewa nilinuna mwaka mzima. Nilijiona kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Huu ni mwaka wa tisa, na sura ya baba mkwe naijua kwa picha moja tu iliyotundikwa sebuleni: kijana mwenye ovaroli amesimama mbele ya lori la chai. Zaidi ya hapo namjua kwa kikohozi, kwa kengele ya baiskeli anayoipiga akikaribia uani ili nipate muda wa kupotea, na kwa sifa. Alikuwa fundi wa malori ya shamba la chai kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na watu wazima wa huku wakimtaja wanashusha sauti kidogo.

Kosa lilikuwa langu. Gari lilikuwa chini mno, linakwaruza tumbo kwenye mawe kila lami inapoisha, na mimi nikachoka kusikia ule mkwaruzo. Vijana wa gereji moja pale Bulyaga wakaniambia, "Madam, tukuinulie kidogo tu, ngoma itapita popote." Wakaweka vipande vya raba juu ya springi za mbele, na nyuma wakafunga springi za pikapu. Likasimama kama mtu aliyekunja suruali kuvuka mto. Nilifurahi wiki mbili. Sikujiuliza kwa nini kila kona sasa lilikuwa linalala upande, wala kwa nini mguu wangu wa kulia ulikuwa hautoki kwenye breki.

Siku ya kipaimara ya mtoto wa wifi yangu, nilishuka kutoka Tukuyu nikiwa na akina mama watatu wa kwaya, kreti mbili za soda, na sufuria la pilau lililofungwa kanga. Akina mama walikuwa wanaimba. Mteremko wa mwisho kabla ya kwa wakwe unashukia darajani, na kona iko hapohapo, mlangoni mwa daraja. Nilikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini bila kunipa chochote. Nikakanyaga tena. Hamna. Nikarudisha gia ya tatu, ya pili, nikavuta breki ya mkono, na mwisho nikaliegemeza ubavu kwenye ukingo wa udongo upande wa kulia, hatua chache kabla ya daraja. Moshi ulitoka kwenye magurudumu ya mbele. Nyimbo zilikuwa zimekatika katikati ya ubeti. Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tumefika?"

Hakuna aliyeumia. Ila wale mama watatu nawakumbuka kila nikishika usukani. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Aliligeukia gari mara moja tu, akasema, "Liuzwe." Nililia kwa hasira, maana nilijua ana haki. Baadaye aliponiona sili, akaongeza kwamba shule zikifunguliwa liwe limeondoka, labda baba mwenyewe aseme linafaa. Mwezi mmoja, basi. Gari langu, lililokokotwa mpaka uani kwa wakwe, likawa mikononi mwa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama.

Kesho yake mama mkwe alinifuata jikoni. Kiswahili chake kimekulia kwenye Kinyakyusa, na magari hayajui kabisa, lakini ujumbe wa mumewe anaubeba kama maji ya kichwani, haumwagiki.

"Baba yenu anauliza, nani aliyelivalisha gali lako viatu vya mtu mwingine?"

Nikasema ni mimi.

"Anasema gali likisimama juu, linalala kwenye kona. Likilala, wewe unaogopa. Ukiogopa, unakanyaga bleki. Anasema umekanyaga bleki kutoka Tukuyu mpaka hapa, na hata chuma kinachoka."

Nilikuwa na bakuli la maharage mapajani, nikaacha kuyachambua. Hajawahi kuniona nikiendesha. Ameuona mguu wangu kwenye pedi za breki zilizoungua. Tangu siku ile nilianza kumpenda mzee yule, na nasema hivyo bila aibu.

Ujumbe wa pili ulikuja na sahani. Ilikuwa sahani ya bati, ile ya kupakulia wageni, na mama mkwe aliniambia niende nayo Mbeya kwa wauza spea. Baba mkwe alikuwa amejaribu vyombo vyote vya kabatini ndani ya rimu ya gurudumu, kimoja kimoja, mpaka akapata kile kinachoacha nafasi ya kalipa, yaani kibanio cha pedi, na kidole kimoja cha hewa. Diski zangu za breki zilikuwa ndogo kama sahani ya chai. Alitaka za ukubwa wa sahani ya wageni, pamoja na kalipa zake, kutoka kwenye sedani kubwa ya kampuni ileile, kwa sababu kitako cha kufungia ni kimoja. Alitaka pia shokapu nne ngumu, springi fupi ambazo mtu akizikandamiza kwa mikono hazijali, na mipira mipya ya breki. Muuza spea pale Mwanjelwa alicheka mpaka akakaa chini. "Ticha, umekuja kununua breki au kula?" Nikamwambia alete diski. Alipoilaza juu ya sahani, kingo zikalingana pande zote, akaacha kucheka. Akaniuliza fundi ni nani. Nikajibu kwa majivuno ambayo sikujua ninayo kwamba ni baba yangu.

Alifanya kazi siku tatu chini ya paa la mabati pembeni ya mibuni. Mimi nilikaa jikoni, na dirisha la jikoni kwa adabu linatazama upande mwingine. Nilisikiliza. Gereji nilizozizoea ni za nyundo na matusi. Nati ikigoma inapigwa mpaka ikubali au ivunjike. Pale nilisikia nati ikipakwa mafuta, halafu kimya, halafu mzee anakwenda kupalilia migomba. Baada ya saa nzima anarudi, spana inalia mara moja, nati inatoka. Sikusikia nyundo siku nzima. Siku ya pili nilisikia vipande vya raba vikitupwa kwenye debe, kimoja, cha pili, nikaona haya peke yangu. Kila kitu alichokitoa alikiosha kwa petroli kabla ya kuamua kama ni kibovu, na bushi mbili za raba nilizokuwa nimeshazinunulia mpya alizirudisha zilezile, kwa kuwa bado zilikuwa nzima.

"Gali sasa litakuwa vidole vine," mama mkwe alinitangazia, akimaanisha nafasi kati ya tairi na bodi. "Vidole vyake, si vyako. Anasema mawe utayakwepa kwa macho. Ndiyo kazi ya macho."

Siku ya tatu ilibaki kutoa hewa kwenye breki. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani na kukanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu anafungua kinati kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, wa ndani anaachia. Wakipishana kidogo tu, hewa inarudi, na breki yenye hewa ndiyo ile inayokwenda mpaka chini. Mume wangu alikuwa Kyela kikazi. Majirani walikuwa msibani. Akaingia mama mkwe. Alikanyaga ile pedali kana kwamba anaua nyoka, haraka haraka, akaachia wakati wa kushika na kushika wakati wa kuachia. Nilimsikia baba mkwe akikohoa, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakumkemea. Kisha mama mkwe akaja jikoni anasugua goti.

"Mwanangu, ingia wewe."

Nikamkumbusha kwamba baba yupo pale.

"Amesema gali lina milango. Anasema chuma kikiwa katikati, hakuna aliyeona mtu. Kanga ninazo."

Akatandaza kanga nne, moja kioo cha mbele, moja cha nyuma, na moja kila ubavu, na vioo vya kutazamia nyuma akavikunja. Baba mkwe alikwenda mibunini mpaka nikaingia na kufunga mlango. Ndani palikuwa na giza la rangi ya machungwa. Nilisikia hatua zake zikirudi, magoti yakilia, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Mama mkwe akasimama katikati kama refa na kutoa sheria: akigonga mara moja, kanyaga na ushike. Akigonga mara mbili, achia.

Spana ikagonga bodi. Ko. Nikakanyaga, nikashika. Pedali ikazama polepole chini ya mguu wangu, ikamaanisha amefungua. Ko, ko. Nikaachia. Ko. Ko, ko. Tulikwenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, la mbali na pedali kwanza, la karibu mwisho. Sijui tulitumia muda gani. Najua kwamba hakunikosea hata mara moja, nami sikumkosea. Miaka tisa hatujawahi kupeana hata salamu, na sasa nilikuwa najua kwa unyayo lini anafungua, lini anafunga, lini amesita kutazama kama bado kuna povu. Mwanzoni pedali ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Ilipofika gurudumu la mwisho ikawa inasimama juu, ngumu, haitaki utani. Nilikuwa nalia, na kanga zilinisitiri.

Mama mkwe hakuniacha niondoke bila kula. Alipakua wali na maharage kwenye ile sahani ya wageni, iliyorudi salama kutoka Mbeya, akanilazimisha nimalize. Nilimwona anachungulia njiani mara kwa mara. Mwishowe akaniambia baba yenu amesema nipande na gari mpaka juu, nigeuze, nishuke mpaka darajani, na kwenye kona ileile nikanyage breki mpaka lisimame kabisa. Nikauliza kama atataka jibu. Akasema nenda tu.

Nilipanda, nikageuza. Kisha nikaliachia gari lishuke. Nakiri sikuwa nalijua lile gari mpaka siku ile. Kona ya kwanza nilijiandaa kwa kule kulala kwake kwa kuudhi, hakukuja. Liliingia likiwa limekaa sawa na kutoka likiwa limekaa sawa, na mguu wangu wa kulia haukuwa na kazi. Kona ya pili vilevile. Jiwe nililiona, nikalikwepa kwa macho.

Mteremko wa mwisho ukafunguka, na pale chini, kwenye kona ya daraja, palikuwa na mtu. Mzee mwembamba, ovaroli iliyopauka, kofia mkononi. Alikuwa amenipa mgongo. Alipita njia ya mkato ya migombani mpaka mahali nilipoponea, akasimama akitazama mto, sikio moja limeelekea barabarani. Hakuja kuniona. Alikuja kuzisikiliza breki.

Nikakanyaga. Pua ya gari ikainama kidogo tu, mkanda ukanibana kifuani, na gari likasimama palepale, kimya, bila moshi, hatua chache kabla ya ukingo wa udongo wenye alama ya ubavu wangu. Injini ilikuwa inanguruma taratibu. Mguu wangu ulikuwa bado umekandamiza pedali, ninaogopa kuuondoa, na maneno yote niliyotaka kumwambia hayakuwa na ruhusa ya kutoka.

Baba mkwe hakugeuka. Alitoa spana mfukoni, akainama kwenye nguzo ya chuma ya kingo za daraja, akagonga mara mbili.

Nikaachia.